Mficha Maradhi Anamficha Nani?

Fulana ile ilikuwa ya kijani, na mgongoni iliandikwa methali ambayo kila aliyepita shule anaijua: mficha maradhi kilio humuumbua. Nilipewa nilipoanza kujitolea katika kampeni ya afya ya akili, nikampelekea kaka yangu mkubwa kwa sababu ilinizidi mabega. Akaipenda. Aliivaa wiki nzima, anaifua usiku, asubuhi anaivaa tena. Kaka ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Alianza kuugua akiwa na miaka 22, na wakati huo tulikuwa tumeshapita miaka 9 ya sauti, dawa, usiku wa kukesha, na kupata nafuu kidogo kidogo.

Ilipofika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tukaenda naye kwenye matembezi. Watu walikuwa wengi, wote kijani. Kaka alifurahi, na akifurahi huzungumza peke yake, kwa sauti ya chini, anacheka na kukunjakunja vidole. Wakati wa picha ya pamoja, mwenzetu aliyeshika kamera alinisogelea akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, mwombe kaka yako akae pembeni kidogo, picha isije ikaharibika."

Nikamshika kaka mkono, nikampeleka kivulini, nikarudi kusimama kwenye mstari.

Picha ile ninayo mpaka leo. Tumesimama watu 40 hivi, tumenyanyua bango linalosema tuvunje ukimya. Mtu mmoja tu pale alikuwa ameuvunja kwelikweli, na hayumo.

Tangu siku ile swali limenikaa rohoni: je, hizi kampeni zinawabadilisha watu? Sikutaka jibu la hasira, kwa sababu hasira yangu ilikuwa inanihusu na mimi. Niliwaendea watafiti, nikasoma nilichoweza kusoma, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiyaweka waliyoyapata kando ya yale niliyoyaona nyumbani. Nilichokipata ni kwamba zinabadilisha, ila hubadilisha kauli kabla ya matendo, na huanza na wagonjwa wanaofanana na sisi. Wale ambao ugonjwa wao unasikika na kuonekana huachwa wasubiri kivulini.

Kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha mwaka 1951, katika mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan nchini Canada. Mume na mke, John Cumming daktari wa akili na Elaine Cumming mwanasosholojia, waliingia pale na mpango ambao hata leo tungeuita wa kisasa. Kwanza wakapima mitazamo: mko tayari kuwa karibu kiasi gani na mtu aliyewahi kuugua akili, na mnaona jamii inabeba jukumu gani kwake? Kisha kwa miezi 6 wakamwaga elimu. Filamu, redio, gazeti, mijadala ya vikundi. Halafu wakarudi kupima tena.

Vipimo havikusogea. Waliosogea ni wenyeji. Watu waliowapokea wageni kwa ukarimu walianza kuwakwepa, kisha wakawa wakali. Wahojaji wa awamu ya pili walikutana na milango migumu, na ikafika mahali wakaambiwa waziwazi kwamba hawatakiwi tena mjini.

Nini kiliwaudhi? Mafundisho yalikuwa matatu. Kwamba tabia ya mtu, hata ikiwa ya ajabu, ina sababu. Kwamba mambo tunayoyaita ya kawaida ni mapana kuliko tunavyodhani. Na kwamba hakuna ukuta kati ya mzima na mgonjwa wa akili, ni mteremko mmoja na sote tumesimama mahali fulani juu yake. Mawili ya kwanza yalimezeka. La tatu likawakaba. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1957, akina Cumming walieleza kwamba mji ule ulikuwa na namna yake ya kuishi na hofu: kukana kwanza, kumvumilia mtu na kusema haumwi hata pale ugonjwa ulipokuwa dhahiri; kisha, kukana kukishindikana, kumpeleka hospitali ya mbali na kufunga mlango nyuma yake. Aliyekuja kusema ukuta haupo alikuwa anabomoa kitu kilichowapa watu usingizi.

Niliposoma hapo nilimkumbuka Mama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alisema kaka "amechoka tu na masomo". Majirani wakasema vilevile, kwa huruma ya kweli. Kisha usiku mmoja kaka akatoka nje bila nguo, na kesho yake hakuna aliyesema tena amechoka. Neno lilihama kutoka uchovu hadi kichaa bila kupita katikati, na pale katikati ndipo kaka alipokuwa anahitaji msaada. Watu wale walimpenda. Hapakuwa na mjinga kati yao ambaye kipeperushi kingemfungua macho. Walikuwa wanaogopa, na hofu hailegezwi na maelezo peke yake.

Lakini ya 1951 ni ya zamani, na haitakuwa haki kuzihukumu kampeni za leo kwa kosa la mji mmoja. Tangu miaka ya 1990 zimekuja kampeni kubwa zenye fedha na wataalamu: New Zealand walianza Like Minds, Like Mine mwaka 1997, Scotland ikafuata na See Me mwaka 2002. Iliyopimwa kwa karibu kuliko nyingi ni Time to Change ya Uingereza, iliyoendeshwa na mashirika ya Mind na Rethink Mental Illness kuanzia 2007 hadi 2021. Awamu yake ya kwanza peke yake ilitumia zaidi ya pauni milioni 20, na watafiti wa King's College London waliifuatilia mwaka hadi mwaka.

Waliyoyapata yanastahili heshima. Mitazamo ya umma ilipanda pole pole, na kampeni ilipohesabu kuanzia 2008 hadi 2019 ilitangaza kwamba imeboreka kwa asilimia 12.7. Anayesema kampeni ni kelele tupu hajasoma. Ila watafiti hao hao waliwauliza pia wagonjwa wenyewe, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwaka 2008, asilimia 91 ya watu waliokuwa wakipata huduma za afya ya akili walisema wamebaguliwa angalau mara moja katika mwaka uliotangulia. Mwaka 2011 wakawa asilimia 88. Nafuu ilitokea upande wa familia, marafiki na maisha ya kijamii. Upande wa wahudumu wa afya ya akili wenyewe, wale ambao mabango yanatuelekeza kwao, hapakuwa na nafuu.

Kutoka 91 hadi 88. Nimeitazama tofauti hiyo kwa macho ya mfanyakazi wa kampeni na nimeitazama kwa macho ya dada. Mfanyakazi anaona watu halisi ndani ya pointi hizo 3, na anaona sawa. Dada anawatazama wale 88.

Halafu yapo yaliyotokea baada ya fedha kuisha. Vipimo vilivyofuata vilionyesha baadhi ya yale yaliyopatikana yakirudi nyuma. Sishangai. Mtu anayekumbushwa kila mwezi kusema vizuri husema vizuri. Usipomkumbusha, hurudi kwa alichokizoea. Ndiyo maana nasita kila ninapoona utafiti uliojengwa juu ya maswali ya "ungekubali?" peke yake. Mwanasosholojia Richard LaPiere aliliona tatizo hili tangu 1934, alipozunguka Marekani na wanandoa wa Kichina akakuta kwamba mahoteli na migahawa iliyowapokea ana kwa ana ni ile ile iliyojibu kwa barua kwamba isingewapokea. Kwake ulimi ulikuwa mkali kuliko mkono. Kwetu sisi tuliovaa kijani ilikuwa kinyume chake, ulimi mlaini na mkono unaomsogeza mtu pembeni. Vyovyote vile, ulimi na mkono ni vitu viwili.

Na sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu nimelitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa miaka mingi ujumbe mkuu wa kampeni ulikuwa huu: ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, ni hitilafu ya ubongo kama kisukari kilivyo hitilafu ya kongosho. Niliusema mbele ya wanafunzi, wafanyakazi, waumini. Niliusema kwa imani kwamba mtu akishajua si laana, si uzembe, si malezi mabaya, atamsogelea mgonjwa. Nchini Marekani, Bernice Pescosolido na wenzake walitumia utafiti mkubwa wa maoni ya umma kuona kama ndivyo inavyokuwa. Wananchi walisimuliwa kisa kifupi cha mtu mwenye dalili, bila kutajiwa jina la ugonjwa, kisha wakaulizwa: ungekubali awe jirani yako? Ufanye naye kazi kwa karibu? Aoe katika familia yako?

Kati ya 1996 na 2006, waliosema sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inatokana na ubongo walipanda kutoka asilimia 54 hadi 67. Waliounga mkono matibabu nao waliongezeka. Elimu ilikuwa imeingia. Lakini utayari wa kukaa karibu na mgonjwa haukuongezeka pamoja nayo. Walipoongeza vipimo vya 2018, habari njema ya kwanza ikatokea: watu walikuwa wamelegeza umbali wao, ila kwa mwenye sonona. Kwa mwenye skizofrenia, imani kwamba ni mtu wa hatari ilikuwa imepanda.

Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za aina hii, uliofanywa na Erlend Kvaale na wenzake mwaka 2013, unasaidia kuelewa. Ukimweleza mtu kwamba ugonjwa umo kwenye ubongo au kwenye urithi, lawama kwa mgonjwa hupungua. Na matumaini kwamba atapona hupungua pia. Asiye na kosa anageuka kuwa asiye na tiba.

Nililijua hili kabla sijalisoma. Mtu niliyekuwa nimeahidiana naye ndoa alikuja kunisikiliza nikitoa mada. Alikaa kiti cha mbele, akapiga makofi. Siku tatu baadaye akaniuliza, akitazama chini, kama hitilafu ile ya ubongo inaweza kufika kwa watoto. Sikuweza kumwita mjinga. Alikuwa amenielewa vizuri, akafuata maneno yangu hadi mwisho wake. Tuliachana bila ugomvi, na mpaka leo nikisikia mtu anafungua semina kwa kulinganisha na kisukari huwa namtazama aliyekaa kiti cha mbele.

Siwaonei wivu wenye sonona. Najua wanavyoteseka, na kama bango limemfanya mmoja wao ainue simu usiku, bango hilo limefanya kazi. Ninachosema ni kwamba sonona na wasiwasi vina mlango ambao watu wengi wanaweza kuingilia, kwa sababu nani hajawahi kuhuzunika, nani hajawahi kukosa usingizi kwa mawazo? Mtu hulinganisha na lake akaelewa, hata kama anaelewa nusu. (Wanasaikolojia Lucy Foulkes na Jack Andrews waliuliza mwaka 2023 kama kampeni hazijaanza kuwafanya baadhi ya watu waite ugonjwa kila huzuni ya kawaida. Ni swali la haki, na nadhani linapaswa kujibiwa kwa utulivu, bila kuwadhihaki vijana.) Lakini anayesikia sauti, anayeamini redio inamsema yeye, hana mlango huo. Tunapoipa kampeni jina moja la "afya ya akili" na picha moja ya binti mzuri anayetazama dirishani, tunaisogeza jamii karibu na binti yule, na kaka yangu anabaki nyuma mbali zaidi ya alipokuwa.

Na kwa wale walio nyuma, habari moja hutosha kubomoa miaka ya kazi. Ujerumani mwaka 1990, wanasiasa wawili wakubwa, Oskar Lafontaine mwezi Aprili na Wolfgang Schäuble mwezi Oktoba, walishambuliwa na watu wenye skizofrenia. Watafiti Matthias Angermeyer na Herbert Matschinger walikuwa wanapima mitazamo ya umma kipindi hicho. Kila baada ya shambulio, idadi ya wasiotaka kuwa karibu na mwenye skizofrenia iliruka juu, na ilichukua muda mrefu kushuka, bila kurudi ilipokuwa. Watu wawili. Wengine wote wenye ugonjwa huo walikuwa nyumbani kwao wakihangaika na dawa zao, na walilipa.

Sisi tunalipa hivyo hivyo. Ikitoka habari ya mtu "aliyerukwa na akili" kudhuru watu, kaka hatoki nje siku mbili. Anajua macho yatakavyokuwa.

Basi nini kinageuza mtu? Katika hili watafiti wanakubaliana kuliko katika mengi. Patrick Corrigan na wenzake walikusanya mwaka 2012 machapisho 72 kutoka nchi 14, yenye washiriki 38,364, wakalinganisha njia mbalimbali za kupunguza unyanyapaa. Kwa watu wazima, kukutana na mtu mwenye ugonjwa kulishinda kuelimishwa kuhusu ugonjwa, na kukutana uso kwa uso kulishinda kumwona kwenye video. (Kwa vijana waliobalehe elimu ilifanya vizuri zaidi, na hilo lisisahaulike na wanaopanga ratiba za shule.) Tume ya jarida la The Lancet kuhusu kukomesha unyanyapaa, iliyoongozwa na Graham Thornicroft na Charlene Sunkel, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia, ilifika hapo hapo mwaka 2022.

Lakini neno "kukutana" limeshageuzwa nalo kuwa tukio la saa moja. Analetwa mtu maarufu, amepona, amevaa vizuri, anasimulia alivyoshuka na kupanda, watu wanalia, wanapiga naye picha. Wanatoka pale wakisema huyu ni wa pekee. Maana yake wale wengine, tunaowaona njiani, wako vile vile tulivyodhani. Mwanasaikolojia Gordon Allport, aliyeandika juu ya makundi yanayochukiana mwaka 1954, alikuwa ameshatoa masharti: wanaokutana wawe sawa kwa hadhi, wawe na lengo moja, wasaidiane kulifikia, na wenye mamlaka wakubali. Jukwaa halitimizi hata sharti la kwanza. Mmoja anasimulia kidonda chake, wengine wamekaa wanamhurumia.

Masharti yale nimeyaona yakitimia mahali pamoja, na hapakuwa na bango.

Jirani yetu ni fundi seremala. Hajawahi kuhudhuria semina ya afya ya akili, na sidhani kama atahudhuria. Miaka sita iliyopita alimkuta kaka amesimama mbele ya karakana yake, anazitazama mbao. Akampa msasa, akamwonyesha namna ya kuufuata uzi wa ubao. Kaka alipiga msasa mpaka jioni. Kesho yake akarudi. Fundi akaanza kumlipa sawa na vijana wake wengine, na kumkaripia sawa na vijana wake wengine.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumshukuru nilimsikia akiwaambia wale vijana: "Leo kichaa kimempanda, msimsemeshe sana, mpeni zile ndogondogo." Nilishtuka. Nikamvuta kando, nikamwambia, fundi, siku hizi hatusemi kichaa, tunasema mtu anayeishi na changamoto ya afya ya akili. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu sana mzee yule. Kisha akasema: "Sawa, dada. Lakini hizi ndogondogo si anaweza?"

Niliondoka nimefadhaika, na fadhaa ile imenifundisha mengi. Nilikuwa nimemwona mtu mwenye neno baya na tendo jema, mimi niliyetoka kwa watu wenye maneno mazuri. Bado sipendi neno kichaa. Linaumiza, na kaka amewahi kuniambia linaumiza hata likisemwa na anayempenda. Lakini nikiambiwa nichague kati ya fundi yule na yule ndugu wa kamera aliyekuwa na msamiati wote sahihi, sitafikiria mara mbili. Fundi alikuwa amejua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: kwamba kichaa kikimpanda kaka, hakimnyang'anyi mikono. Alijua kwa sababu amemwona siku 300 katika mwaka, mbaya na nzuri, na si kwa sababu alisimuliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu angalau alikuwa ameketi ukingoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile methali ya mgongoni mwa fulana. Tunaitumia sana kwa sababu ni yetu na inaeleweka haraka. Lakini tazama inamkemea nani. Inamkemea mgonjwa. Inamwambia kosa ni lako kwa kuficha. Kaka alizificha sauti zake kwa miezi 14 kabla sijajua, na miaka mingi baadaye, siku ametulia, nilimuuliza alikuwa anamficha nani hasa. Alifikiri kidogo, akaniambia: "Nyinyi, mdogo wangu." Akaeleza. Alikuwa ametusikia tukimzungumza mtu fulani wa mtaani, tukicheka, akajua hasa tungesema nini.

Hatukuwa tumemcheka kaka. Hatukuwa tumefikiri anasikiliza.

Kampeni nyingi nilizofanya kazi ndani yake ziliwaomba wagonjwa wajitokeze. Chache ziliuliza watakaowapokea wamejiandaa vipi. Tunasema "zungumza", na anayezungumza kazini anakuta mkataba wake haukuongezwa. Tunasema "tafuta msaada", wakati Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 alikuwa akiishi na tatizo la akili, linaonyesha pia kwamba serikali kwa wastani hutoa kama asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili hiyo. Tunasema "usikate tamaa, sema", na zipo nchi ambako aliyejaribu kujiua na akapona bado anaweza kushtakiwa. Ghana ilikifuta kifungu hicho mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Kifungu cha sheria nacho ni tangazo kwa umma, na husomwa kwa sauti kubwa kuliko mabango yetu.

Sisemi kampeni zifungwe. Mfano unaonipa moyo ni wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 2001 na 2002. Pale mabango na matangazo yalikuwepo, lakini yalikuwa sehemu moja kati ya nne: madaktari wa kawaida walifundishwa kuitambua na kuitibu sonona, walimu, mapadri, polisi na waandishi wa habari walifundishwa, na waliokuwa hatarini pamoja na familia zao waliwekewa njia ya haraka ya kupata msaada. Ndani ya miaka 2 matukio ya kujiua na kujaribu kujiua, yakihesabiwa pamoja, yalipungua kwa asilimia 24, wakati mji wa Würzburg uliotumika kulinganishia haukuonyesha upungufu kama huo. Bango lilimwambia mtu agonge mlango, na nyuma ya mlango alikuwepo mtu aliyejua la kufanya.

Bado najitolea. Lakini siku hizi nikiombwa nitoe mada huuliza kwanza kama tunaweza badala yake kutafuta kazi ambayo watu 10 wataifanya pamoja kwa wiki kadhaa, watano wakiwa wagonjwa, na isiwe kazi ya kuzungumzia ugonjwa. Mara nyingi jibu ni kwamba bajeti ni ya matembezi na fulana. Mara mbili jibu limekuwa ndiyo. Huuliza pia kama atakuwepo mwenye skizofrenia, na kama siku ya picha atakuwa kwenye picha hata kama anaongea peke yake.

Kaka ile fulana aliivaa mpaka ikachanika. Fundi akaikata vipande, sasa wanafutia vumbi la mbao.

Mwezi uliopita, saa moja na nusu asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa fundi. "Dada, kaka yako hajafika, na si kawaida yake. Kuna usalama?" Sikuwa najua. Nilikimbia nyumbani nikamkuta kaka amekaa sakafuni, ameegemea kabati, hajalala usiku wa tatu huo. Dawa ilikuwa imebadilishwa na mwili haukuipokea. Nilipokuwa nahangaika kumshawishi asimame, fundi aliingia na nguo zake za kazi. Hakusema mengi. Alikaa naye chini kama nusu saa, kisha wakainuka pamoja.

Kliniki tulikuta foleni. Kaka alizungumza peke yake njia nzima na kwenye benchi pia, na watu waliokuwa karibu wakaanza kusogea mmoja mmoja mpaka pande zote mbili zikawa wazi. Fundi akabaki alipo, bega kwa bega naye, unga wa mbao bado kwenye nywele. Muuguzi alipokuja na daftari alinitazama mimi, kisha akamgeukia yeye.

"Na wewe ni nani wake?"

"Nafanya naye kazi," akasema fundi.